Seli Zisizo na Vidole

Dada mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa mwanao, Injinia wetu. Natumaini miguu ya mama imepungua kuvimba, na kwamba wewe walau jana ulilala kitandani, si kwenye kile kiti cha wodini. Mimi ni mzima wa kula na kutembea, tuseme hivyo. Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu kupiga, lakini nikisikia tu sauti yako nakata. Kwenye karatasi angalau naweza kumaliza sentensi.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini mtoto anaugua kila kukicha, wakati madaktari wanasema askari wa damu anao wa kutosha. Nilipokujibu kwa maneno ya kitabuni ulikasirika, ukaniambia niongee kama mtu aliyezaliwa na mama yako. Basi ni hivi. Seli zinazotulinda si mipira laini. Ukizitazama kwa hadubini yetu kubwa hapa maabara, kila moja imejaa vidole vidogo mno, na kwenye ncha za vidole hivyo ndiko vinakosongamana vipokezi, yaani sehemu zinazomtambua adui. Seli hupapasa kila inachokutana nacho, kama unavyotafuta sindano iliyoangukia kwenye zulia. Kidole kikimgusa adui, ujumbe unaingia ndani mara moja na seli inaamka. Seli isiyo na vidole nayo ina vipokezi, ila vimetawanyika, inagusa ovyo, na ujumbe unachelewa au haufiki kabisa.

Ule mrija wa damu ya Injinia niliutayarisha mwenyewe, ingawa profesa wetu, mama asiyecheka na mtu, alinionya kwamba si vizuri kupima damu ya ndugu. Seli zake zilikuwa laini kama yai lililomenywa. Nilikaa mbele ya kioo cha hadubini nikamkumbuka alivyofungua redio ya mama kwa bisibisi akaniambia, mjomba, haijafa, ni waya tu haujagusana. Nililia pale kazini, na sikujificha.

Sasa sikiliza utaratibu wetu. Damu ya mgonjwa hutayarishwa sambamba na damu ya mtu mwenye afya, na huyo huwa mmoja wetu wa maabara. Mimi kwa kawaida hawanigusi, maana nikichomwa sindano mkono unavilia damu hadi kiwiko, nao hunitania kwamba nina ngozi ya nyanya. Safari hii nilikunja shati kwa hiari yangu. Vipimo vya mwanzo vilishaonyesha kwamba uboho wangu, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaoana na wa mtoto, nyote mlishaniona mimi ndiye dawa yake, nami nikataka kuziona seli zangu zimekaa kando ya zake. Yalikuwa majivuno, dada.

Zangu nazo hazikuwa na vidole.

Nilidhani nimeharibu kazi. Seli hizi ukizikausha kwa pupa, vidole hulala vikagandamana, na kila anayeanza kazi hii hulifanya kosa hilo. Nilimwambia profesa nimeboronga, na moyoni nilifurahi, kwa sababu kama zangu zimeharibika basi na za mtoto zimeharibika, huenda hana neno. Nikarudia yote upya, na damu ya mwenzangu wa meza ya jirani ikiwemo, maji yale yale, mkono ule ule. Za mwenzangu zilikuwa na vidole tele. Za Injinia na zangu, hata kimoja. Profesa alitazama, akavuta kiti akakaa karibu nami, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza kama utotoni nilikuwa natokwa damu puani, maana ugonjwa huu huzuia pia damu kuganda upesi. Nikamjibu kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukinishika kichwa.

Wakapima na jeni. Kasoro ni ile ile. Injinia imemkaba, mimi imenipapasa tu, na wanasema hutokea hivyo ndani ya ukoo mmoja. Kwa hiyo uboho wangu haufai. Nikimpa, nitakuwa nimempa ugonjwa wake mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kunawa uso, nimerudi bado ipo.

Kuna lingine, nalo ndilo zito zaidi. Kasoro hii mtoto wa kiume haipati kwa baba yake. Huipata kwa mama. Mama yetu alinipa mimi bila kujua, akakupa na wewe, nawe unaibeba bila kuumwa, ndiyo maana hata uboho wako hawautaki. Usimlaumu mama wala usijilaumu, hakuna aliyechagua. Lakini kumbuka tulivyomfanyia baba wa mtoto. Tulimkalisha sebuleni mbele ya wageni tukamwambia damu ya kwao ndiyo mbovu, na mimi, msomi wa familia, ndiye niliyekuwa msemaji. Aliondoka na begi lake. Daktari alipokuuliza habari zake, ulisema hapatikani.

Anapatikana. Nilimfuata kwenye karakana anakochomelea mageti, nikamweleza yote mbele ya mafundi wenzake, kwa kuwa tulimdhalilisha mbele za watu. Nilitegemea anifukuze. Alizima mashine, akaniuliza kama mtoto bado anatapika dawa. Siku hizi uboho wa baba unaweza kutumika hata ukioana nusu tu, ingawa hatari ni kubwa na hakuna aliyeniahidi kitu. Yuko tayari kupimwa. Ila alisema hataingia wodini mpaka wewe mwenyewe umwite, kwa sababu ulimwambia asikanyage tena mahali ulipo.

Dada, nimeishiwa. Sina seli za kumpa mtoto wetu, na elimu yangu yote imenifikisha hapa tu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Ukitaka kunichukia nichukie baadaye, mimi nitakuwepo.

Msalimie sana mama, na habari hii mpe taratibu, akiwa ameketi. Injinia mbusu kwa niaba yangu. Barua hii sikuituma kwa posta. Nimempa baba yake ailete, na bila shaka amemkabidhi muuguzi akupe, kisha akarudi kusimama nje ya mlango wa wodi. Usinijibu mimi. Nenda kamwite.

Ni mimi,
mdogo wako.