Idhini ya Kukatwa Tumbo

Malaba,
9 Juni 1975

Mdogo wangu Ziada,

Sisi hatujambo. Foleni ya malori imefika mlangoni petu, na nguo ninazoanika zinanuka moshi.

Daktari uliyenipeleka kwake huko Nairobi ameniandikia. Yuko tayari kulikata tumbo hili linaloning'inia tangu uzazi wa saba, lakini anaonya kwamba kwa unene wangu kidonda huenda kisifunge, na damu yaweza kuganda. Angependa nipungue kwanza kwa miezi sita.

Situlii, Ziada. Ngozi inachubuka chini ya tumbo, na kusujudu kunanishinda. Nilitaka nikatwe mwezi huu huu.

Jana nilimpa shemeji yako fomu ya idhini. Wajua kazi yake ni kupitisha mizigo mpakani, na kila hati huisoma mara mbili. Hii aliitia sahihi bila kuisoma.

"Nenda upesi, Mama Abdallah," akasema, "usije ukachekwa na mke mwenzio."

Ndivyo nilivyopata habari kwamba anaoa.

Fomu nimeichana. Nitapungua kwanza, miezi yote sita, kisha nitakuja na fomu nyingine. Utaitia sahihi wewe, lakini uisome.

Ni mimi dada yako,
Zulaika