Mama wa Kwenye Jiwe Si Yule wa Kitabuni

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijui niiweke wapi, na naomba unishike mkono kabla ya tamasha la wilaya yetu, maana likishapita hata ushauri wako hautakuwa na kazi. Nimebadilisha majina yote, hata la riwaya, kwa hiyo tafadhali usijaribu kukisia.

Mimi ni karani kijana katika idara ya utamaduni ya ofisi ya wilaya, huku kusini milimani, na bado niko kwenye muda wa majaribio. Kazi hii niliipata baada ya kujifungia miaka kadhaa katika vyumba vya kusomea nikijiandaa kwa mtihani wa utumishi wa umma, na nilipofaulu mama yangu aligawa keki za mchele mtaa mzima, kwa hiyo ukiniuliza ninaogopa nini, naogopa kurudi mtaa ule nikiwa sina kazi.

Wilaya yetu imezaa mwandishi mkubwa mmoja tu, marehemu Mzee Ma Tae-gyun, na riwaya yake, Lango la Fito, inajulikana na kila mtu nchini, au ndivyo nilivyodhani. Inamhusu mama mwenye wana wawili wakati wa vita. Mdogo anawaonyesha askari mahali alipojificha kaka yake, kaka anachukuliwa na harudi tena, mdogo naye anatoroka, na miaka mingi baadaye anarudi jioni ya theluji, anasimama nje ya lango la mama yake na kukohoa. Ndani ya nyumba, kwenye sakafu yenye joto, chini ya blanketi, kuna bakuli la wali, kama bibi zetu walivyokuwa wakimwekea mtu wa nyumbani ambaye bado yuko njiani. Kwenye filamu mama anafungua lango, anamketisha mwanawe, anatoa bakuli lile chini ya blanketi na kumwambia, "Kula kwanza, mengine baadaye." Hakuna asiyelia hapo. Maneno hayo yameandikwa kwenye kuta za migahawa, yamechapwa kwenye taulo, na watu huambiana hata wanapogombana.

Ofisi ilipoamua kusimamisha jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba alikozaliwa mzee huyo, nilipewa kazi ya kuchagua maneno ya riwaya yatakayochongwa, na pia kuandika kijitabu cha kulinganisha kitabu na filamu kwa ajili ya wageni, kwa sababu katika idara ni mimi niliyesoma fasihi chuo kikuu. Nikachagua maneno hayo hayo. Na kwenye kijitabu nikaandika, bila kusita, kwamba mwongozaji wa filamu amekuwa mwaminifu kwa mwandishi mpaka kwenye bakuli la mwisho.

Mshauri, sikuwa nimewahi kuisoma riwaya ile. Sekondari tuliisoma kama wote wanavyoisoma, kipande cha kurasa chache katika kitabu cha mazoezi ya mtihani, kipande kinachokatika pale mwana anapokohoa nje ya lango, na chini yake muhtasari na maswali, na mwalimu wa tuisheni akatuambia tupige mstari chini ya "dhamira ni maridhiano", nikapiga, swali likaja kwenye mtihani wa kuingia chuo, nikapata. Mwisho wa hadithi niliuona kwenye filamu, nimekaa na bibi yangu wakati wa sikukuu ya mavuno, wote tunajifuta macho, na kipande kile na filamu vikashonana kichwani mwangu mpaka nikasahau kwamba palikuwa na mshono. Chuoni nilijadili riwaya hiyo darasani. Sikuwa najua kwamba nadanganya, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko kama ningekuwa najua.

Maneno yalipopitishwa, Mkuu wetu wa idara, Bwana Bang, alitupeleka kula nyama ya kuchoma, akanimiminia pombe ya soju kwa mikono yake mwenyewe, akasimama na kuyatamka yale maneno kwa sauti ya mama mzee, na wenzangu wakawa wanavuta makamasi. "Huyu ndiye msomi wetu," akasema. "Sisi wengine tumekuja kula tu." Niliinama mpaka paji la uso likakaribia meza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maneno yako ukurasa gani.

Wiki iliyopita nilitumwa kumpelekea mwaliko binti wa marehemu, Mama Geum-rye, ambaye ndiye atakayevuta kitambaa siku ya uzinduzi. Anaishi peke yake na anakausha matunda ya persimoni kwa kuyatundika barazani. Alinikaribisha vizuri, akanimenyea tunda, akaniuliza nimekula nini asubuhi. Mimi, ili nionekane mwerevu, nikamwambia kwamba filamu nayo ni nzuri sana. Akaendelea kumenya. Kisha akasema baba yake aliitazama mara moja tu, kwa mwaliko wa wenye filamu, akanyanyuka kabla taa hazijawashwa, na yeye binti akamkuta nje ya ukumbi amesimama kwenye mvua na mwavuli umefungwa mkononi.

"Hakuitaja tena mpaka anakufa," akaniambia. "Watu wa filamu walinialika mara ngapi, mwanangu, sikwenda. Ila hili nitakuja, kwa kuwa jiwe ni la kitabu."

Maneno yale ya mwisho yalinisumbua njia nzima. Jumapili nilikwenda maktaba ya mji jirani, ili wa kwetu wasinione nikiiazima, nikaisoma yote, na nilipofika mwisho nikarudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa. Mama hafungui lango. Anasikia kikohozi, anakijua ni cha nani, anaingiza mkono chini ya blanketi na kuugusa mfuniko wa bakuli, na anakaa hivyo mpaka mwana anaondoka. Hasemi neno. Wali ule ni wa yule mkubwa. Akimpa mdogo atakuwa amekubali kwamba mkubwa hatarudi, na hilo hawezi. Kwenye filamu bakuli ni lile lile na blanketi ni lile lile, ila limepewa mtu mwingine, na maneno "kula kwanza" hayamo popote katika riwaya nzima.

Nitakwambia na hili ambalo sijamwambia mtu. Nilikichukia kitabu. Nilikaa pale maktaba nikamkasirikia mzee wa watu, nikasema ni mama gani huyu anayemwacha mwanawe kwenye theluji, na hata sasa, baada ya kuelewa, moyo wangu bado unaipenda filamu zaidi. Kwa hiyo sina hata pa kusimama. Nimesomea fasihi na ninapenda kilicho rahisi.

Jiwe limeshachongwa, liko karakana ya mchonga mawe limefunikwa turubai, na vijitabu vimeshachapwa. Nilimweleza mwenzangu mkubwa kazini, Kaka Tak, aliyesimamia kazi yangu na kutia saini. Alinisikiliza akila tambi zake, kisha akasema, "Bi Seol, wewe ukisema, Mkuu ataulizwa. Mkuu akiulizwa, nitaulizwa mimi. Mimi nikiulizwa, wewe huna kazi." Nikamwambia kwamba Mama Geum-rye atayasoma yale maneno mbele ya watu wote, yeye ndiye atakayevuta kitambaa. Akasema, "Ni mzee, atalia, na watu watajua analia kwa furaha."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimefikiria kuugua siku ya tamasha. Nimefikiria kwamba maneno ni mazuri hata hivyo na nchi nzima inayapenda, na kwamba nikinyamaza nitaumia mimi peke yangu. Nimefikiria kumwambia Mkuu, nikafika mpaka mlangoni pake, nikaishia kumwuliza kama anataka kahawa. Naomba uniambie nifanye nini, na kama kuna njia ya kulirekebisha hili bila yeyote kujua kwamba ni mimi, naomba uanze na hiyo.

Wako, Karani Mwenye Aibu


MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, njia hiyo haipo, kwa hiyo hatutaanza nayo.

Nakuhurumia, nikwambie kwanza. Umekosea kosa ambalo karibu kila aliyepita katika shule zetu amelibeba mfukoni bila kulijua. Tumelishwa riwaya kama dawa ya kikohozi, kijiko kimoja na maelezo nyuma ya chupa, kisha tukaambiwa tumeshiba. Mkuu wako amefanya vivyo hivyo, na Kaka Tak pia, na ndiyo maana hakuna aliyekuuliza ukurasa. Lakini wao hawakujiita wasomi, na ulipoitwa hivyo wewe uliinama ukapokea. Na baada ya hapo ulikwenda maktaba ya mji wa watu ili usionekane ukisoma. Mtu anajificha akisoma? Ungejificha ulipokuwa unaandika kile kijitabu.

Umenielezea hofu yako kwa Mkuu, kwa Kaka Tak, kwa mama yako na keki zake. Mama Geum-rye umempa aya moja. Hebu geuza barua yako. Huyo ni mtu aliyemkuta baba yake amesimama mvuani na mwavuli haukufunguliwa, na ofisi yako inataka kumpa kamba avute kitambaa, asome kwa macho yake, mbele ya wilaya nzima, kitu kile kile kilichomtoa baba yake ukumbini. Ukisema kwamba ukinyamaza utaumia peke yako, unajidanganya, na safari hii unajua.

Kuhusu kuipenda filamu, acha kujichapa. Mimi pia nililia, na nikienda tena nitalia tena. Mwongozaji alikuwa na haki ya kumfungulia mwana yule lango. Watu wengi waliotoka vitani walihitaji kuona lango linafunguliwa. Mzee Ma naye alikuwa na haki ya kuliacha limefungwa, kwa sababu wako akina mama ambao hawakuweza kulifungua. Penda unachopenda. Ila usichukue maneno ya mmoja ukayatia kinywani mwa mwingine ambaye hawezi tena kukataa, tena kwenye jiwe. Na hicho kigumu usichokipenda, ulichokielewa ukiwa na hasira pale maktaba, kuhusu wali ule ni wa nani, ndicho kijitabu ulichotakiwa kuandika. Umeshakiandika, kwenye barua hii. Kinakili.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda kwa Mama Geum-rye kabla ya kwenda kwa Mkuu. Usipige simu, usibebe zawadi, usimpeleke Kaka Tak. Usianze na mtihani wala mwalimu wa tuisheni. Mwambie, "Mama, nilichagua maneno ya filamu nikidhani ni ya kitabu, kwa sababu sikuwa nimekisoma. Sasa nimekisoma." Kisha nyamaza, umwache aseme atakalosema.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa Mkuu, na kahawa usiiulizie. Mwambie kosa ni lako, na mpe njia ya kutokea, kwa maana mkuu anayeletewa tatizo tupu hukasirika, na anayeletewa tatizo na dawa yake hukasirika kidogo. Jiwe halivunjwi. Lipelekwe pale filamu ilipopigwa, au mbele ya jumba la sinema la zamani, lichongwe chini yake kwamba maneno ni ya filamu, na mwongozaji apate heshima yake. Mbele ya nyumba ya Mzee Ma, siku ya tamasha, pasiwe na jiwe; pawe na kiti, na mtu asome kurasa za mwisho kwa sauti, watu wamsikie mama yule anavyokaa kimya. Vijitabu vichomwe. Ukifukuzwa kazi kwa hilo, niandikie, nami nitachapa barua yako bila kubadilisha jina la ofisi. Sidhani utafukuzwa. Utafokewa, na kufokewa hakuui.

Jambo la mwisho, na hili ndilo utakalotaka kulisahau ukiwa njiani. Huenda Mama Geum-rye asikumenyee tunda safari hii. Huenda akaingia ndani na kufunga mlango, nawe ukabaki barazani na persimoni zake. Usibishe hodi mara ya pili. Hakukuita umwombe msamaha, na kusamehe si kazi uliyompelekea. Simama kidogo, vaa viatu vyako, ukapande basi la kurudi ofisini, ukaseme yale yale kwa Mkuu.