Nusu Iliyobaki kwa Kaka

3 Machi

Mdogo wangu, fundi wa vitabu,

Pokea salamu, nyingine weka akiba. Mimi mzima, mgongo tu unalalamikia shuka mia tatu za hoteli ninazopiga pasi kila siku. Wewe je? Na magoti ya Mama yanasemaje?

Nusu ya kitabu imefika. Nani mwingine duniani anakata historia kwa kisu cha karakana, anabaki na mwanzo, kaka yake anamtumia ule mwisho kwa posta, kama wewe? Wenzangu kwenye chumba cha kufulia nimewaambia nasoma kitabu kizito kuhusu rangi za watu na dini zao, na kwamba mwanzo wake nimeuhifadhi kichwani. Darasa langu la sita ni digrii ya watu wengine.

Ila naanzia ukurasa wa 213, na watu wanabishana kuhusu ukuta. Ukuta gani? Niambie mapema nisiumbuke.

Mama akiuliza nani kaandika, sema ni posta tu. Miaka tisa, jina hilo nimelizoea.

Kaka yako

9 Mei

Kaka yangu,

Natumaini u mzima, na wifi pia. Sisi tunasogeza siku. Magoti ya Mama yanapanda ngazi kwa hasira.

Maktaba walikitupa kitabu kwa kuwa kimekatika mgongo. Ningekishona kizima, kingepata msomaji mmoja. Nimekikata tuwe wawili, kama tulivyogawana kitanda.

Ukuta ni huu: mji ulikuwa na nyumba moja ya ibada. Weupe wakajenga ukuta katikati, weusi wakae ng'ambo. Maombi yaleyale, wanasikiana, hawaonani. Nusu yangu inaishia hapo.

Sasa sikia. Huwa namsomea Mama mezani akichambua maharage. Siku ya ukuta mikono ilisimama. Akauliza, "Ulibomolewa?" Nikasema jibu liko kwako, nikakutaja kwa jina. Hakuinuka. Tangu akwambie ukimwoa mwanamke wa dini ile na rangi ile usikanyage hapa, ni mara ya kwanza jina lako linatajwa naye anabaki kitini.

Andika jibu, kaka.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Shikamoo yangu kwa Mama naipitisha kwako. Huku afya ipo, tele.

Nakiri kwako tu, usimwambie mtu: msomaji hasa ni wifi yako. Nikifika kwenye neno refu nakohoa, yeye ananimalizia. Juzi tulifika kwa wenye mashamba na watumwa wao, akafunga kitabu, machozi yanamtoka. Anasema mmoja wa mabwana hao anaweza kuwa babu yake. Nikamwambia basi babu yangu alimfulia mashati, na ona, mimi bado nafua. Akacheka huku analia.

Kitabu kinasema bwana na mtumwa walipiga magoti asubuhi moja kwa Mungu mmoja, huyu akiomba mavuno, yule akiomba njia ya kutoroka. Nikawaza. Mama anaomba nirudi nilivyokuwa, wifi yako anaomba nipokewe nilivyo. Huko juu naombewa foleni nzima. Niliona fahari kidogo.

Kabla ya hoteli hii nilifua melini, nikazunguka bandari kumi na mbili, lakini sijui siku hizi ni mguu upi wa meza ya Mama ulio mbovu.

Jibu la ukuta nililiandika, nikalichana. Nikilituma, Mama hatakuwa na la kunisubiria tena. Muulize tu: alitaka ubomolewe?

Kaka yako

2 Oktoba

Posta,

Hujambo. Sisi wazima. Anayeandika ni mdogo wako, maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba.

Unauliza kama nilitaka ubomolewe. Swali la kitoto. Mtu mzima nikae miezi yote hii nausubiri ukuta wa watu nisiowajua, kwa sababu gani?

Jibu usiliandike. Nusu hiyo usiitume, vitu hupotea njiani. Ilete kwa mkono wako, ishonwe mbele yangu. Na mkwe wangu aje anisomee, maana huyu binti anasoma mbiombio, nadhani anaruka mistari. Wewe kaa kimya. Hivyo vikohozi vyako navijua tangu darasa la kwanza.

Mguu mbovu ni wa upande wako. Haujatengenezwa. Hakuna aliyekaa pale.

Mama yako