Kwa Mama Mshona Vitabu, Aliyevaa Ufunguo Shingoni Miaka Tisa

Mama, leo mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotutoka. Bado tukifika mlangoni tunapunguza sauti wenyewe, kama ulivyotuzoesha, tusije tukamwamsha Baba.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, tuwaambie kidogo. Ulikuwa fundi wa kushona vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na mmoja. Ukipewa kitabu kipya ulikinusa gundi kwanza, ukakifungua katikati, ukasema, "Hiki kitavumilia," au, "Hiki wape panya." Vidole vyako viwili vilikuwa na sugu ya uzi. Ulikuwa mtu wa maneno machache, na utani wako ulikuwa mkavu kiasi kwamba wengine tuliuelewa tukiwa tumeshafika kwetu.

Kisha Baba akaanza kusahau. Alianza na wajukuu, akaja kwenye njia ya kazini. Siku moja yeye, fundi umeme aliyezijua nyaya za mtaa mzima, alikutwa katikati ya barabara kuu na kiatu kimoja, magari yakimpigia honi. Ulipomrudisha, ulifunga mlango wa nyumba yenu ya ghorofa ya tatu, ukautunga ufunguo kwenye uzi wa kushonea vitabu, ukauvaa shingoni.

Ulisema ni kwa ajili yake. Sisi tulichelewa kuona kwamba nawe ulikuwa ndani.

Kazi ukaihamishia mezani kwako, ukishona umeelekea mlango. Ulioga mlango wa bafu ukiwa wazi. Ulikula umesimama. Harusi ya kitinda mimba wako uliitazama kwenye simu, na katikati yake ukaiweka simu chini kwenda kumbadilisha Baba. Tulikuita shujaa. Tulikusifu kwa uvumilivu mbele za watu, na sasa tunajua sifa zetu zilikuwa kufuli jingine, kwa sababu mtu anayesifiwa hivyo hawezi tena kusema amechoka.

Tulipokuambia tutafute msaidizi ulijibu, "Nilishatafutiwa." Tukaliacha hapo, maana msaidizi wa kwanza tulimleta sisi. Alimwacha Baba amelowa tangu asubuhi hadi alasiri, akabadilisha shuka dakika chache kabla hujarudi kutoka kupeleka kazi kiwandani, akakuambia mzee ameshinda vizuri. Ngozi ya Baba ndiyo iliyosema ukweli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe ulishtuka miaka sita.

Wa pili alitumwa na kituo kinachowapumzisha walezi, mara moja kwa wiki, kwa saa nne. Mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Hukutaka hata kulijua jina lake. Ukamwita Bi Alhamisi, likamganda.

Alhamisi ya kwanza ulimpa maagizo ya kurasa mbili, ukawafungia yeye na Baba kwa nje, ukaondoka na ufunguo. Hukufika mbali. Jirani wa ghorofa ya pili alikukuta umekaa kwenye ngazi, sikio limeelekea mlangoni. Ulikaa hapo saa zote nne.

Alhamisi ya pili, kabla hujafunga, Bi Alhamisi alikusogezea kiti cha jikoni. "Dada, toka na hiki. Ngazi ni baridi, na najua utakaa."

Ulituambia uliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini kiti ulikichukua. Naye kila baada ya muda akawa anakuja nyuma ya mlango na kukupa habari kwa utulivu, kama mtangazaji wa redio: "Amekunywa maji. Amekataa kofia. Sasa tunahamia dirishani." Wewe hukujibu hata mara moja, na yeye hakuacha.

Alhamisi ya sita ulishuka hadi barabarani. Ukauzunguka mtaa mara moja, ukarudi. "Miguu imesahau kwenda mahali bila sababu," ulisema. Tulicheka, Mama. Hatukupaswa kucheka.

Ya tisa ulifika kiwandani kwenu. Wenzako wa zamani walikuwa wanakuonyesha mashine mpya ya kupiga gundi, nawe umeshakunja uso kuikosoa, simu ikalia.

"Dada, mzee ameungua vidole viwili vya mkono wa kulia. Chai ilikuwa bado ya moto, nami nikageuka kuchukua sukari. Kosa ni langu. Mkono wake nimeuweka kwenye maji. Njoo, ila usikimbie kwenye ngazi."

Ulikimbia. Ulipofungua mlango ulimkuta Baba na mkono kwenye beseni, akimweleza Bi Alhamisi jinsi ya kuunganisha swichi. Hukumsalimu mtu. Ulimkagua mumeo mgongo, mapaja, nyayo, kila mahali. Vidole viwili, kama ulivyoambiwa.

"Ungeweza kusema kajiunguza mwenyewe," ulimwambia. "Asingekukanusha."

"Ndiyo maana siwezi kusema hivyo," alijibu. "Nikimsingizia mimi, nani atamsemea?"

Uliushika ufunguo kifuani. Kisha ukasema, "Nami nilikufungia ndani na mtu aliyeungua. Kama nyumba ingewaka moto, mngetokea wapi? Hilo kosa ni langu." Ukauvua uzi shingoni, ukampa ufunguo akachonge wa kwake.

Hiyo ndiyo siku tuliyodhani umefunguliwa. Hatukujua kwamba miguu yako ilikuwa inavimba, wala kwamba Alhamisi zilizofuata ulikuwa unazitumia kwenda kwa daktari. Alikuambia moyo umechoka siku nyingi, akataka ulazwe siku hiyohiyo. Ukamwambia huna nafasi. Ukamweleza Bi Alhamisi peke yake, ukitegemea atakutunzia siri.

"Nitanyamaza mpaka Jumapili," alikuambia. "Usipowaambia watoto, nitawaambia mimi, hata kama utanifukuza."

Ulituambia Jumamosi mchana, kwa hasira, kana kwamba moyo uliochoka ni wetu. Kifungua mimba wako alitaka kumlaumu Bi Alhamisi kwa kukushurutisha. Ukamkatiza: "Mwache. Huyo ndiye mtu pekee asiyenidanganya wala asiyenisifu."

Jumatatu ulikubali kulazwa, baada ya Bi Alhamisi kukuahidi kwamba atashinda na Baba kila siku mpaka urudi. Daktari alisema ungekuja miaka mitatu nyuma, mambo yangekuwa mengine. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tunakusifu.

Wodini ulilala. Muuguzi alituambia hajawahi kuona mgonjwa analala vile, kama mtu anayelipa deni la usingizi. Siku za kwanza ulizinduka kila saa ukiuliza nani yuko na Baba. Ukijibiwa, ulifumba macho. Kuanzia siku ya saba hukuuliza tena. Asubuhi ya kumi na moja hukuamka.

Kifungua mimba wako amehamia kwenu. Mlango bado unafungwa, maana Baba bado anatembea. Na huyo mwanao naye ameanza kula amesimama, na siku nyingine hutupigia simu bila la kusema, tukasikia tu maji yakitiririka bombani. Lakini Alhamisi anatoka. Nasi wengine hatumwiti shujaa. Tumegawana Jumamosi na Jumapili, jambo tulilopaswa kulifanya ukiwa hai.

Baba anakuulizia kila siku. Mwanzoni tulimwambia ukweli, akalia, akasahau, akauliza tena, na kila asubuhi ikawa kama ndiyo kwanza umekufa. Bi Alhamisi alituomba tumhurumie. Sasa akiuliza, "Mama yenu yuko wapi?" tunamjibu, "Ametoka kidogo, Baba."

Juzi alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Afadhali. Huwa hatoki yule."

Unakumbukwa na mume wako, hata pale anaposahau. Unakumbukwa na wanao watatu, mkweo, wajukuu zako watano, mdogo wako wa kike, wenzako wa meza ya kushonea, jirani wa ghorofa ya pili, na Bi Alhamisi, aliyetaka aandikwe mwisho.

Pumzika, Mama. Kukusahau hatutaweza.