Dekoda waliyoibeba leo

Jumanne jioni

Na bado mutu asiniambie sijui televizyo. Ni mimi niliingiza ya kwanza kwa hii mutaa, watu walitoka mbali, mpaka kijiji cha Kizuka, kuja kutazama.

Leo tumehamia kwa watu wa fibre, wale wanaoleta televizyo kwa waya wa interneti. Fundi wao alichomoa dekoda ya zamani, akauliza: «Muzee, iko kitu umerekodi humu? Ikifika kwa biro, ofisi ya wenyewe, wanafuta vyote.»

Nikamujibu: «Wewe mutoto, vitu vyangu viko ndani ya televizyo yenyewe. Usinifundishe.» Akacheka, akaibeba.

Kisha nikataka kumuona marehemu mke wangu, pale watu wa televizyo walipomuhoji kule Gitaza, kando ya ziwa, akianika ndagala, wale samaki wadogo, anaringa, huku anafukuza kuku mbele ya kamera. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Nikabonyeza. Hakuna.

Zaina, binti yetu, akapiga simu kwa hiyo biro. Wakasema wameshafuta.

«Papa, si alikuuliza?»



Sijalia. Nimekula ugali, nimeswali. Zaina amenionyesha hii dekoda mupya inavyorekodi, hata kama umelala. Picha iko safi, siwezi kudanganya. Akaniuliza irekodi nini.

Nikasema mupira. Wowote.