Betri ya Kituo Haiendi Harusini

Mpendwa dada,

Omari mwanao alikuja Ijumaa na mwaliko wa harusi yake. Nilifurahi, wallahi. Halafu akasema umemwagiza achukue betri ya kituo cha kompyuta, ya kupigia muziki. Nilimwambia nitakujibu mwenyewe, na tangu hapo moyo unanichoma.

Unakumbuka tulivyokifungua kituo hapa Kibuyuni? Wafadhili walitupa kompyuta na sola na betri zake, wewe ukakabidhiwa ufunguo. Ulitukalisha wanawake tunaolima mwani, vidole vimekauka kwa chumvi, ukanishika mkono juu ya kipanya. "Bonyeza, haing'ati." Siku ile tulisoma bei ya mwani ya ng'ambo kwa macho yetu, na dalali akapata tabu kutudanganya. Nilikupenda sana siku ile.

Lakini wewe hukuweza kumnyima mtu. Harusi, betri zatoka. Maulidi, zatoka. Hitima, zatoka. Nilipokuambia zinaharibika ulinicheka: "Kituo ni cha watu wote. Nimwambie nini mamake biarusi?" Zikafa kweli. Wafadhili waliporudi kuuliza, uliwaambia kuwa wanawake wa mwani hawana haja na kompyuta. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia ya mahamri, dada. Hata usoni hukunitazama. Kisha ukapata kazi ya hoteli Diani, ukaniachia ufunguo na vumbi.

Tuliuza mwani kwa bei ya dalali mpaka tukachoka. Kompyuta nilizifunika kwa leso zangu mwenyewe. Mwaka huu tukachanga, kila mwanamke kwa mwani wake, tukanunua betri moja. Sasa watu wanachaji simu kwa kulipia, na tunachopata ndicho kinachonunua bando la intaneti. Bei ya mwani tunaisoma tena. Wanaokuja kuazima betri nawanyima, majirani na jamaa, na wengine hawanisalimii tena. Wananiita bahili, nami naitika.

Nikikupa wewe, nitamnyima nani tena? Ulitutia aibu mbele ya wageni, na leo unataka kilichotuinua.

Harusini nitakuja. Nitapika pilau mpaka moshi unitoe machozi, na kigelegele cha kwanza kitakuwa changu. Mwambie Omari akodi jenereta.

Tutaonana jikoni kwako, ukinifungulia mlango.

Mdogo wako, mwenye ufunguo