Gonga Mti, Uache Mgongo

Baba Simoni,

Sikuulizi hali yako. Naijua. Nilikuwa pale, na udongo nilikutupia kwa mkono huu. Mimi nipo. Magoti yanauma, chakula kinashuka, usingizi unakuja ukitaka.

Barua hii naisema kwa mdomo na Mama Furaha wa kanisani ndiye anaandika. Ni Mkongomani, amesoma, mwandiko wake umenyooka kama mshono wa cherehani. Nimemwambia asinipambe. Nikisema punda, aandike punda.

Kwanza habari za nyumbani, maana wewe ulikuwa huwezi kunywa chai kabla ya kujua habari za mifugo. Punda wako Chifu sikumuuza. Walikuja watu wa machinjio ya punda na lori lao, wakamwangalia ngozi kama watu wanaochagua kitambaa. Niliwafukuza kwa mwiko. Nikamwachia jirani yetu Wafula. Baada ya siku chache Wafula akanipigia simu analalamika, punda wako hasogei hata hatua. Nikamwuliza, umemsalimia? Siku hizi anamsalimia, na maji yanafika sokoni.

Mimi Simoni alinichukua baada ya matanga, akasema mama hawezi kubaki nyumbani Njoro peke yake na kuku. Sasa nakaa kwake huku ng'ambo, mji wa Champlin, nyumba yenye zulia mpaka kwenye ngazi. Nyuma kuna mto mkubwa ambao wakati wa baridi unaganda kuwa mgumu, watu wanaenda kukaa juu yake na viti wanavua samaki. Mimi sijaukanyaga na sitaukanyaga. Mwana wetu anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, mkewe anafanya mchana, wanapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Hawagombani. Nafasi ya kugombana wataipata wapi?

Lakini nimekuandikia kwa sababu ya Njoroge.

Huyu mjukuu mwenye jina lako. Ulimpakia kwenye mkokoteni kabla hajajua kutembea vizuri, ukasema Njoroge hawezi kulelewa chini. Wewe Mkikuyu, mimi Mluhya, Kiswahili ndicho kilichotuoza, na mila ya kwenu ikatupa wajukuu wenye majina yetu, yeye Njoroge, dada yake Nekesa. Unakumbuka tangu alipozaliwa nilikuwa namwita mume wangu. Mume wangu amekojoa. Mume wangu anakataa uji. Na wewe mkubwa unakaa pale unacheka, unasema basi umeshaachwa. Bado namwita hivyo mpaka leo, na sasa ni mwanaume mzima mwenye ndevu.

Kazi yake ungeipenda. Kaskazini ya hapa kuna uwanja wa farasi. Alianza kwa kuzoa samadi wakati wa likizo, akapanda, akapanda, mpaka akapewa leseni ya kuendesha. Farasi anafungwa kigari cha magurudumu mawili, chepesi kama kitanda cha mtoto, dereva anakaa nyuma miguu imenyooshwa mbele. Na farasi haruhusiwi kuruka-ruka. Anakwenda mbio za hatua, kama mama aliyechelewa ibada na hataki watu wajue kwamba anakimbia. Mara ya kwanza nilipomwona Njoroge amekaa pale nyuma ya mkia, mabega yameinama kidogo upande wa kushoto, nilishika ua wa uwanja kwa mikono miwili. Nilidhani ni wewe unatoka kisimani.

Mimi ananiita Shosho na wewe Guka, kama bibi na babu wanavyoitwa kwenu, na ananiambia kila siku kwamba ni wewe uliyemfundisha kabla Simoni hajamleta huku. Na kweli ni wewe. Miaka yote ile ulibeba fimbo, na sikuwahi kuona inatua mgongoni kwa Chifu. Ulikuwa unagonga mti wa mkokoteni. Ko, ko, ko, na Chifu anaongeza mwendo. Watu walikucheka sokoni, Njoroge anachapa mbao, na wewe unawajibu kwamba Mungu alimpa punda masikio marefu ili mtu aache kusumbua mgongo wake.

Huku wana sheria juu ya mambo hayo. Hatamu moja kila mkono, wakati wote. Mjeledi unachezeshwa kwa kifundo cha mkono tu. Ukiinua mkono juu ya bega, au ukaachia hatamu ili upate nafasi ya kuchapa, waamuzi wanaokaa juu kwenye chumba cha vioo wanakuita. Wanaweza kukutoza faini, wanaweza kukusimamisha usiendeshe, na jina lako linabandikwa ukutani karibu na mlango wa ofisi, kila mtu apite alione.

Njoroge alikuwa na farasi jike mmoja mwekundu. Majina yao ya huku ni marefu kama hotuba, kwa hiyo mimi nilimwita Maridadi. Mwenye farasi huyo ni mtu wa haraka. Alimwambia Njoroge kwamba kama Maridadi hatashinda Jumamosi ile, atampa dereva mwingine. Njoroge akanificha, nilikuja kujua baadaye.

Jumamosi ile nilikuwa pale kwenye ua. Walipoingia kona ya mwisho farasi wengine walikuwa wamemfunika upande wangu, nikaona tu mkono wa Njoroge unapanda. Ukapanda tena. Watu waliokuwa wamecheza kamari walikuwa wanapiga kelele karibu nami kama wamevamiwa na nyuki. Maridadi akawa wa pili.

Baadaye Njoroge akanipeleka bandani nimsalimie, kama kawaida yetu. Yeye akabaki nyuma kidogo, anafungua kamba ambayo haikuwa imefungwa. Nikampa Maridadi karoti. Nikapitisha mkono wangu ubavuni mwake kuelekea mapajani, na mkono ukakuta matuta. Yamevimba, yana joto, moja juu ya jingine. Akatetemesha ngozi vile wanavyotetemesha kumfukuza nzi. Nikatoa mkono. Njoroge akaendelea na ile kamba yake.

Waamuzi wakamwita aende kujieleza. Kwenye gari alinieleza mpango wake. Picha za uwanja zinaonyesha mkono umepanda, lakini ulipotua hazionyeshi, kwa sababu ya wale farasi wengine. Angesema aligonga mti, na kuinua mkono tu ni faini ndogo. Matuta yalikuwa yameshashuka. "Shosho," akaniambia, "wewe waambie tu vile Guka alikuwa anagonga mti. Hiyo tu. Si ni ukweli?"

Ni ukweli. Hapo ndipo aliponibana. Hakuniomba niseme uongo. Aliniomba nichukue ukweli wako, Baba Simoni, niutandike juu ya uongo wake kama shuka juu ya kitanda chenye kunguni. Na ningekataa, huenda angepoteza leseni, maana mwanzoni mwa msimu walishamwonya kwa jambo dogo. Kijana ambaye hakuweza kuja kukuzika kwa sababu ya makaratasi, na kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwako ni namna ya kukaa nyuma ya mnyama. Nilitazama barabara njia nzima.

Chumba kilikuwa kidogo, waamuzi watatu, na mkubwa wao mama mwenye nywele nyeupe amekata fupi. Nekesa mdogo alikuja kunitafsiria. Huyo Kiswahili anakisikia chote ila ukimwuliza anakujibu Kiingereza, kwa hiyo kwa kazi hiyo anafaa kabisa. Yule mama akauliza mimi ni nani kwake Njoroge. Nikajibu bila kufikiri, vile ninavyosema kila siku, kwamba huyu ni mume wangu. Na Nekesa, kwa woga, akatafsiri vilevile.

Wale waamuzi walinitazama mimi, wakamtazama Njoroge, wakanitazama mimi tena. Mmoja akavua miwani. Ndipo Nekesa akashika mdomo na Njoroge akaanza kucheka huku amefunika uso, nami nikacheka, ikabidi tuwaeleze habari ya majina. Yule mama mkubwa alicheka mpaka akafuta macho. Nikaona uso wa Njoroge umefunguka. Alidhani yamekwisha.

Nikawaeleza habari zako. Nikawaambia Chifu alivyokuwa hasogei mpaka asalimiwe. Nikawagongea meza, ko, ko, ko, waisikie. Walisikiliza vizuri, watu wale, mmoja akaitikia kwa kichwa. Ningeweza kukaa chini hapo. Kiti kilikuwa nyuma yangu.

Nikasema, lakini Jumamosi nilimpapasa yule farasi, na mkono wangu ulikuta matuta.

Nekesa hakutafsiri. Aliangalia viatu vyake. Nikamwambia, sema, wewe uliyebeba jina langu. Akatikisa kichwa, machozi yamemjaa. Wale waamuzi wanangoja, wanatuangalia, hawajui nimesema nini. Chumba kizima tulikuwa watatu tu tunaojua.

Ndipo Njoroge akatafsiri. Mwenyewe. Alisimama, mikono nyuma, akawaambia kwa Kiingereza chao bibi amesema nini. Nilimwangalia Nekesa nijue kama ameyasema yote, naye akaniitikia. Ameyasema yote. Halafu akaendelea na maneno ambayo mimi sikuyasema, polepole, sauti imekauka, na alipofika mahali fulani nikasikia jina Guka. Sijauliza alisema nini pale. Hayo ni yenu wawili.

Walimsimamisha mpaka majani ya miti yabadilike rangi na baridi ikaribie. Leseni hawakuichukua. Yule mama mwenye nywele nyeupe alinishika mkono mlangoni, akauweka kati ya mikono yake.

Njoroge hakuniongelesha tena. Alikuwa akija kula, anasema asante, anaosha sahani yake, anaondoka. Mimi nami nilimpakulia vilevile, nyama kubwa vilevile. Siku niliyokwenda tena uwanjani na Nekesa nikaona karatasi imebandikwa ukutani. Sikusoma shule, unajua, lakini neno Njoroge nalijua kwa umbo, kwa sababu ulilipaka rangi nyekundu ubavuni mwa mkokoteni na mimi ndiye niliyeshika kopo. Nikalitambua pale kati ya maneno ya Kizungu kama mtu anayeona ng'ombe wake kwenye zizi la wengine. Jina la mtu ambaye hakuwahi kuchapa, limebandikwa kwa kuchapa. Nikasimama pale mpaka Nekesa akaanza kunivuta mtandio. Halafu nikafikiri, hii karatasi itatolewa. Kama ningekaa chini siku ile, lingebaki jina la mwongo, na hilo nani angekuja kulibandua?

Maridadi alipewa dereva mwingine. Hiyo ndiyo bei aliyolipa Njoroge, na ilimuuma. Lakini wakati amesimamishwa alikuwa anaenda bandani asubuhi kuzoa samadi kama alivyoanza, na kila asubuhi alimpitia Maridadi akamgusa shingo. Nekesa ndiye aliyeniambia. Jumapili moja akaja nyumbani, akakaa jikoni nilipokuwa nachambua mboga ya sukuma, akachukua kisu cha pili, akaanza kukata. Anakata vibaya, mapande makubwa. Akasema, "Shosho, ungeniambia kwenye gari." Nikamwambia, mume wangu, na wewe ungeniambia bandani. Akacheka kidogo kwa pua, vile ulivyokuwa unacheka. Tukamaliza zile sukuma.

Juzi amerudi uwanjani. Wamempa farasi mzee wa kijivu ambaye hakuna aliyemtaka, ana masikio marefu ungedhani ni wa ukoo wa Chifu. Niliwahi mapema, nikavaa koti la Simoni, nikashika ua. Walipoingia kona ya mwisho nikafumba macho. Watu wanapiga kelele, magurudumu yanavuma, na katikati ya vurugu ile nikasikia mbao. Ko, ko, ko. Akawa wa nne. Nilipiga makofi mpaka mzungu mmoja akadhani nimeshinda pesa.

Basi lala, Baba Simoni. Mama Furaha amechoka mkono na chai yake imepoa. Mimi macho yananiishia, daktari amesema hivyo, na huku upofu siuogopi sana maana kuna wa kunishika. Ila nakuahidi hivi, kila Njoroge akiendesha, nitakuwa kwenye ule ua. Nisipoona, nitasikiliza. Masikio Mungu alinipa na mimi.

Wako,
Nekesa mkubwa